Migongo ya Rukniya

Jinsi fundi Vuai alivyofika Rukniya ni habari ya mchanga, kiu na punda mkaidi, na kila aliyesafiri anayo ya kwake, tusichoshane. Tuanze pale alipofikishwa mbele ya ukuta, akavua kofia, akakuna kichwa, akadhani jua limemchezea.

Ulikuwa ukuta wa mawe, mrefu kwenda juu kama nyumba nne zilizobebana, ukianzia upande mmoja wa mji na kuishia upande wa pili. Nyuma yake kulikuwa na kilima, na juu ya kilima kasri la mtawala wa nchi, ambaye watu humwita Mlezi, limezungukwa na msitu wa miti ya ubani. Hayo hayakumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba chini ya ukuta, toka mwanzo hadi mwisho, watu walikuwa wameuegemea kwa migongo, bega kwa bega, visigino wamevikita ardhini, nyuso zikiutazama mji. Palikuwa na muuza vitambaa na futi yake shingoni, mwalimu wa chuo, mama mjamzito, na bibi harusi ambaye hina yake ilikuwa bado haijafifia. Wengine walisuka ukili, wengine walizungumzia bei ya nyanya. Hakuna aliyeonekana kuwa na shida yoyote.

Vuai alikuwa mwashi kwa miaka thelathini, na alikuwa na ila moja: hawezi kupita ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole. Mkewe kule kwao kisiwani husema hata siku ya kuzikwa ataugonga kwanza mwanandani wa kaburi lake, ajue kama umechimbwa sawasawa. Basi akamwuliza muuza vitambaa leo ni sikukuu gani. Akajibiwa kwa upole kwamba si sikukuu, ni zamu.

Mengine alielezwa na Bwana Fadhlallah, Mkuu wa Migongo, mtu msafi, mwenye sauti laini na tasbihi ya kaharabu, ambaye mgongo wake yeye ulikuwa na barua ya msamaha wa zamu. Ukuta, alisema, unakizuia kilima kisiuporomokee mji. Migongo inauzuia ukuta. Na Mlezi anavizuia vyote. Mji una mitaa mitatu, Kisimani, Sokoni na Majabalini, na kila mtaa una sehemu yake ya siku. Ngoma ikilia, mtaa mmoja hutoka na mwingine huingia, mtu kwa mtu, ili ukuta usibaki mtupu hata kidogo. Ila ni marufuku wanaotoka kuwasalimu wanaoingia. Vuai, aliyelelewa kwamba kumnyima mtu salamu ni kama kumtukana, akauliza kwa nini. Bwana Fadhlallah akamwambia kwamba salamu huleta mazungumzo, mazungumzo huleta kulinganisha, na kulinganisha ndiko kulikowaponza watu wa Ghubari.

Ghubari ilikuwa nchi jirani. Nao walikuwa na ukuta wao, na siku moja wakauacha wote kwa pamoja, kwa vigelegele, bila kupanga lolote, ukawaangukia. Kila asubuhi mpiga mbiu wa Rukniya alisoma habari, na habari zote zilikuwa za Ghubari: nani amekosa maji, nani amezikwa, nani amepigana na nani juu ya kifusi. Habari za Rukniya hakuzisoma, kwa kuwa hakukuwa na jambo. Hivyo mtu akilalamika kidogo tu, hata kwamba mchuzi umezidi chumvi, mwenzake humwuliza kama anataka nchi iwe kama Ghubari. Na mlalamikaji huunywa mchuzi wake.

Kodi hapakuwa na kodi. Ubani wa kilimani ulinunuliwa na mataifa ya mbali, na kwa mapato yake Mlezi aliwagawia watu mikate kila wamalizapo zamu, na walinzi wake aliwagawia nyama. Vuai alilisifu jambo hilo mbele ya mzee mmoja wa Sokoni. Mzee akamjibu kwamba ni kweli, hawatozwi kitu, ila asiyechangia sufuria haulizi kilichomo. Wanunuzi wa ubani nao, kwa maelezo ya Bwana Fadhlallah, ni watu wanaojali sana haki; kila mwaka huandika barua ya kuisikitikia migongo ya Rukniya, na barua hiyo huletwa na msafara uleule unaokuja kuchukua ubani. Jambo moja tu walilishikilia. Kila baada ya miaka saba walitaka hati ya mwashi mgeni, kwamba ukuta ni imara, wasije wakakosa mzigo. Hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa Vuai.

Akauliza kama hapa kwao hakuna waashi. Wapo, tena hodari, lakini sheria haiwaruhusu. Aliyezaliwa Rukniya huukabili ukuta kwa mgongo tangu anapobaleghe mpaka siku ya kuoshwa, na kuugeukia ni kosa la jinai. Kwa maneno mengine, katika nchi nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kukitazama kwa karibu kitu alichokishikilia maisha yake yote. Vuai alicheka, akidhani ametaniwa. Mkuu wa Migongo hakucheka, akahesabu tasbihi.

Alipelekwa pia kulisikiliza Baraza, maana Rukniya wanajivunia mijadala. Pande mbili zilikuwa zikibishana, mwaka wa kumi na moja sasa, kama inafaa kuegemea kwa bega la kulia kwanza au la kushoto. Wa kulia walitoa hoja nzito. Wa kushoto wakazijibu kwa hoja nzito zaidi, na mmoja wao alilia machozi. Shehe wa kasri alipoombwa rai alisema kuna kauli mbili, na zote mbili zinataka subira. Vuai alikiri moyoni kwamba hajapata kusikia watu fasaha kiasi kile wakihangaikia jambo dogo kiasi kile. Alipomwuliza karani aliyekaa naye kama wamewahi kujadili ukuta wenyewe, karani alimwongezea kahawa, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Kwa kuwa hakuna mtaa uliotakiwa kujiona umependelewa, mgeni alilazwa siku mbili kila mtaa. Kisimani walimkirimu mpaka akaona haya. Wakamnong'oneza kwamba wao wanasukuma kwelikweli, lakini Sokoni ni watu wa hila. Wanangoja siku Kisimani wakiwa wamechoka, waachie, kifusi kiwaangukie wengine. Sokoni nao walimkirimu, wakamnong'oneza maneno yaleyale juu ya Majabalini. Na kila nyumba, baada ya kufunga mlango na kuziba dirisha kwa mto, mwenye nyumba alimsogelea akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, je, ni kama tunavyohisi? Hawakulitaja jambo lenyewe. Walimtazama tu usoni, kisha wakamkaribisha chakula.

Siku ya tano Vuai akapima. Aliteremsha timazi, uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, akagonga mawe, akafukua msingi kwa mikono yake. Akapanda ngazi na kushuka, akapanda tena, kwa kuwa hakutaka kuamini. Katikati ya ukuta palikuwa na ufa uliotoka chini hadi juu, mpana kiasi cha kuingia mkono, na ukuta mzima ulikuwa umeinamia mji. Sababu aliijua mara moja. Kila mwaka, siku ya kuadhimisha kutawazwa kwa Mlezi, huongezwa safu moja ya mawe juu kuonyesha nguvu za dola. Miaka arobaini na moja, safu arobaini na moja, juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya ukuta wa zizi. Na jambo moja lilimuudhi zaidi, maana alikuja akidhani migongo ile ni upuuzi mtupu: migongo ile ilikuwa inafanya kazi. Ikiondoka yote kwa ghafla, ukuta utaanguka, na utaangukia mji.

Jioni hiyo alihamia Majabalini, nyumbani kwa mwanamke aitwaye Sukeina. Alikuwa mfumaji wa mazulia, mjane, mwenye maneno machache na macho yasiyokwepa. Ukutani alikuwa akishika nafasi mbili zilizopakana, yake na ya kaka yake Munir, aliyekuwa gerezani mwaka na miezi miwili.

Munir alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku moja katika zamu miwani yake ilianguka ikabingirika nyuma ya kisigino. Akageuka kuiokota, akaivaa, na akiwa bado ameinama akauona ukuta. "Kuna ufa hapa," alisema, hivi hivi, bila chuki, kama mtu anayemwambia jirani kwamba kandambili yake imekatika. Sasa Rukniya wana sheria fupi kuliko zote: ufa ni wa aliyeutaja. Kabla hajautaja haukuwapo, ulipotajwa ukawapo, kwa hiyo yeye ndiye aliyeufanya. Kila asubuhi ofisa alikuja na karatasi akamwuliza aliona nini. Angesema aliona kivuli, angelala kwake siku ileile. Kila asubuhi Munir alijibu kwamba aliona ufa.

Kesho yake Bwana Fadhlallah alimwita Vuai ofisini, akamwekea tende na hati iliyokwisha kuandikwa, imebakia sahihi. Alizungumza kama mtu anayemsaidia mwenzake. Yeye si mjinga, alisema, anajua waashi wana macho. Lakini fundi akiandika kwamba kuna ufa, sheria itauliza nani aliutaja wa kwanza, na Munir hatatoka tena. Na fundi ataunganishwa naye, kwa kuwa wawili wanaweza kuumiliki ufa mmoja. Akiandika imara, basi kosa la Munir litakuwa kosa la macho tu, na mtu hafungwi kwa macho mabaya. Ataachiwa siku ya maadhimisho, kwa huruma ya Mlezi. Bwana Fadhlallah akaongeza, bila kuinua sauti, kwamba naye ana watoto huko chini mjini, na ukuta ukianguka hautaisoma barua yake ya msamaha. Hapo Vuai alimwona mtu, na ikawa vigumu zaidi kumchukia.

Akaomba apewe mpaka alasiri. Akamkuta Sukeina jikoni akipepeta ngano, akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote. Alimwambia pia jambo ambalo hakumwambia Mkuu wa Migongo: ukuta ule unaweza kushushwa bila kumwua hata kuku. Unaanza juu, safu baada ya safu, huku chini umeshikiliwa. Mitaa miwili iegemee, mmoja upande ngazi, na wapokezane. Kazi ya miezi mitatu. Ukibaki kimo cha mtu, hauhitaji mgongo wa yeyote, na kilima nacho hakiendi popote. Ni jabali tupu.

Sukeina aliendelea kupepeta. "Sisi tupande ngazi, Sokoni washike chini?"

"Ndiyo."

"Wataachia."

"Nimelala Sokoni siku mbili, dada. Wanasema mtaachia ninyi. Kisimani wanasema wataachia Sokoni. Na wote watatu mnajua kuna nini nyuma ya migongo yenu. Hakuna asiyejua. Mnachokosa ni kujua kwamba mwenzenu naye anajua."

Ungo ulisimama. Kwa muda Vuai alidhani amefanya jambo kubwa. Alijiona tayari akipita mtaa hadi mtaa, akiwashikanisha mikono.

"Fundi," Sukeina alisema, "haya unayasema kwa sababu wewe utaondoka. Mimi nikienda Sokoni kuyasema, wa kwanza nitakayemwambia atanikumbatia, na wa pili atanipeleka kwa Fadhlallah, na sitajua yupi ni yupi mpaka nimeshasema. Nimeuhisi ufa ule kwa mgongo wangu miaka ishirini. Sihitaji hati ya kuniambia upo. Namhitaji kaka yangu." Akaufuta uso kwa mkono wenye pumba. "Andika imara. Nakuomba. Sitakuomba kingine."

Vuai aliinuka kigodani, akatoka. Fundi aliyemfundisha kazi, Mungu amrehemu, alimwambia kwamba mwashi anaweza kudanganya juu ya bei, juu ya siku ya kumaliza, hata juu ya umri wake, lakini juu ya ukuta asidanganye. Alilikumbuka neno hilo njia nzima ya kwenda ofisini. Alasiri ikafika, akashika kalamu, akaandika jina lake chini ya neno imara. Aliona aibu, na papo hapo akaona nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomkera zaidi.

Siku ya maadhimisho hati ilisomwa uwanjani mara tatu. Safu ya arobaini na mbili ikapandishwa juu ya ukuta kwa kamba na nyimbo, na watu wakashangilia. Vuai alisimama karibu na wasafiri wa msafara wa ubani, mzigo wake begani, tayari kuondoka nao. Wengi walimfuata kumshukuru, wa Kisimani na wa Sokoni, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alimpa mkono kwa nguvu bila kumtazama machoni.

Kisha Munir akaletwa. Alikuwa amekonda, miwani yake imefungwa uzi mguu mmoja. Sukeina, aliyeruhusiwa kutoka zamuni kumpokea, alimshika kwa mikono miwili, hakulia, alimpapasa tu mabega na kichwa kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa kutoka kwa fundi. Zamu ilikuwa ya Majabalini, na aliyesamehewa hutakiwa kurudi mahali pake palepale, mbele ya watu. Walinzi wawili wakamsindikiza, Bwana Fadhlallah nyuma yao. Mahali pake palikuwa mbele ya ufa.

Kabla hajafika, Munir alimwona mgeni mwenye mkoba wa timazi, akamwendea. Walinzi hawakumzuia, ilikuwa siku ya huruma.

"Wewe ndiye fundi uliyeupima?"

"Ni mimi."

"Jana waliniambia umeandika imara. Nimekesha na neno hilo." Alizungumza kwa adabu, kama mwalimu anayemwuliza mwenziwe juu ya hesabu iliyomshinda. "Miezi kumi na minne nimewajibu jibu moja. Sikuwa na kitu kingine mle ndani, nilikuwa na jibu hilo tu. Wewe umesomea mawe, mimi nilichungulia mara moja tu, tena nimeinama. Niambie kweli, kaka. Mimi niliona nini?"

Watu waliokuwa karibu waliacha kusuka, nyuso zao zikitazama mji. Bwana Fadhlallah alikuwa hatua tatu nyuma, na tasbihi yake haikusogea. Sukeina alimtazama Vuai. Hakuwa amemwomba kingine, na hata sasa hakuomba.

Vuai alilifikiria lile neno dogo, ufa. Alijua likitoka, wote wawili watalala gerezani, na safari hii hakutakuwa na mwashi wa kuja kuwatoa. Alijua pia kwamba mtu huyu ndiye pekee katika nchi nzima aliyekuwa timamu kabisa, na kwamba utimamu wake wote umekaa kwenye jibu moja.

"Uliona kivuli," alisema.

Munir aliyapokea maneno yale taratibu. Akavua miwani, akaitazama kwa muda, akaivaa. "Nashukuru, fundi," alisema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, na Vuai alitamani heri angetemewa mate. Kisha Munir akaenda mahali pake, akageuka, akavikita visigino, akauweka mgongo ukutani.

Safu mpya ilikuwa imeongeza uzito. Vumbi jembamba la chokaa lilitoka ufani likamdondokea Munir begani, na hakuna aliyeliona, maana wote walitazama mbele. Aliliona Vuai peke yake. Akasogea kama mtu anayeaga, akalipangusa kwa kiganja, upesi, kabla mlinzi hajageuza shingo.